Fundi Aliyeogopa Joto

Mimi si mwoga. Nimeua nyoka kwa mpini wa jembe nikiwa na mimba ya miezi minane. Nimezika mume. Nimechimba viazi kwenye umande ulioganda mpaka vidole vikaacha kunisikia. Lakini ukinikaribisha kwenye chumba chenye joto zuri, madirisha yamefungwa na watu wamelala, miguu yangu inagoma mlangoni. Nasimama pale kama mbuzi aliyeona kisu. Watoto wa jirani wananicheka. Hawajui kwamba uoga huu si wangu, nimeuchukua kwa mtu.

Mtu huyo tulimwita Fundi. Njombe ina mafundi kuliko miti ya milingoti, wa cherehani, wa pikipiki, siku hizi hata wa kubebesha miche ya parachichi, lakini sisi wa umri wetu ukisema Fundi bila kuongeza neno, tulijua unamsema yule wa masizi. Alizibua mabomba ya moshi na kujenga meko ya ukutani kwenye nyumba za watu. Nilimjua zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo sikumwona hata siku moja akikaa ameupa moto mgongo.

Ukimkumbuka Fundi, unakumbuka madirisha. Alifungua madirisha ya watu bila kuomba. Mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka huoni kuku wako, Fundi anaingia kanisani, anapita ukutani, dirisha la kwanza, la pili, la tatu, halafu anakwenda kukaa na wenzake wa besi kana kwamba hajafanya kitu.

"Fundi," mama mmoja wa kwaya akamwambia, "unataka tuimbe au tutetemeke?"

"Tetemekeni. Anayetetemeka yuko hai."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nina kinywa kipana na sikujaliwa adabu nyingi.

Mara nyingine tulikuwa msibani. Wafiwa walikuwa wamejifungia chumbani na jiko la mkaa katikati, mkaa umeiva mwekundu, wamejipanga kulizunguka na mablanketi yao. Mchungaji anaomba. Fundi akaingia, akalishika lile jiko kwa masikio yake mawili, mikono mitupu, akalitoa barazani. Maombi yakakatika. Mwenye msiba akasema, "Fundi, hata hapa unatunyang'anya moto?"

"Msiba mmoja unatosha," akajibu, akaenda kuosha mikono.

Sasa mtu kama huyo utamwelezaje? Kazi yake moto, na moto anauogopa kama mke mwenza. Kwake nilifika mara mbili, hakukuwa na joto lolote. Alivaa makoti mawili, la ndani la mwanamke, na kitambaa cha kichwa alichofunga kama bibi mwenye jino bovu. Alikunywa ulanzi Jumamosi mpaka akawa anabishana na miti, na Jumapili akaimba besi safi, hakosei neno. Kwa wateja alikuwa na mdomo mchafu. Aliwaambia watu wenye vyeo kwamba nyumba zao zimejengwa na vipofu. Lakini bomba la moshi alilisemesha kwa upole, amechomeka kichwa ndani, anasema, "Haya, baba, una nini humo? Toa tu, tutakusaidia." Kisha anatoa kiota, au popo aliyekauka kama karatasi, au masizi ndoo nne.

Moshi wenyewe hakuuogopa. Alisema moshi ni mkorofi mwenye adabu. Anapiga hodi, anakukohoza, anakuliza, unajua amekuja, unamfukuza. "Yule mwingine," alisema, "hana harufu wala rangi. Anaingia kama usingizi, na wewe unamshukuru." Alipofika hapo alikuwa anashusha sauti, mtu mzima na ndevu zake, kama anayeogopa kusikiwa na huyo anayemsema. Nikamwambia, "Fundi, wewe unatakiwa uombewe." Akasema, "Niombee, lakini dirisha liwe wazi."

Na alikuwa mvumilivu wa ajabu kwenye kazi. Hakuanza siku uliyomwita. Siku ya kwanza alikuja kukaa tu. Anakaa ndani ya chumba tangu asubuhi mpaka unamwona ni mgeni aliyesahau kuondoka. Analowesha kiwiko kwa mate, anakizungusha hewani apate kujua upepo unaingilia wapi. Anachoma maganda mabichi ya mahindi mekoni atazame moshi unakwenda wapi. Brashi yake aliitengeneza mwenyewe kwa spoku za baiskeli na kamba, jiwe chini liivute. Kusoma hakujua. Mimi niliishia darasa la pili, yeye sidhani kama alifika hata hapo. Vipimo alikwaruza ukutani kwa msumari, na aliyejaribu kuvifuta alitukanwa. Kazi ikiisha, baada ya siku chache alirudi bila kuitwa. Alisema amekuja kulisikiliza jiko.

Sasa nifike kwenye jiko la kwangu, ambalo ndilo linanifanya nisimulie haya.

Nyumba yangu ni ya zamani, matofali ya kuchoma, ya msimamizi mmoja wa mashamba ya miti ya miwati aliyeondoka zamani. Ina meko ya ukutani mapana, unaweza kuchomeka mtoto wa ng'ombe. Tulikuwa tunachoma kuni humo, nusu ya joto inapanda kuwapasha kunguru. Mwanangu Fadhili alikuwa dereva wa lori, anabeba makaa ya mawe kutoka upande wa Ludewa kupeleka huko mbele. Mke wake alipokaribia kujifungua, mwezi wa sita, Fadhili akapitia Makambako, kwa wachomeleaji wa pale kwenye maegesho ya malori, wakamtengenezea jiko la chuma zito, miguu minne, mlango wa mbele, chekeche la chuma ndani na droo ya majivu chini. Akaliteremsha pamoja na magunia ya makaa ya mawe. Akasema, "Mama, mjukuu wako hatajua baridi ni nini."

Yeye alidhani ni kulisukuma tu lile jiko ndani ya meko, moshi utajua njia. Fundi alikaa siku yake, akachoma maganda yake, akamwambia:

"Wewe unaendesha lori. Ukiwekewa barabara pana kama uwanja wa mpira, bila alama, utafika?"

"Nitafika, nitachelewa."

"Moshi wa makaa ya mawe ukichelewa unapoa. Ukipoa unarudi chini. Dohani hii ni pana kama lango la zizi, ilijengwa kwa ajili ya magogo. Jiko lazima liwe na bomba lake lenyewe, lipande mpaka juu ya paa."

Fadhili akanung'unika, lakini akaleta bomba. Fundi akapanda juu, akasugua dohani siku mbili. Akateremsha bomba ndani, kipande juu ya kipande. Chini, pale koo la dohani linapoanza, akaziba nafasi yote kwa bati zito, na kuzunguka bati akakandika udongo wa kichuguu aliouchanganya na majivu na nywele za ng'ombe. Saruji alikataa. Alisema saruji ikipata moto wa makaa ya mawe inapasuka, na ufa mwembamba kama uzi unatosha. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo mara tatu. Kwenye bomba aliweka kizibo cha kuzungusha kwa mkono, cha kupunguza moto.

Halafu akachukua tindo na kuanza kutoboa ukuta wangu.

"Fundi, unafanya nini?"

"Tundu."

"La nini?"

"Nyumba umeipa mdomo wa kula makaa ya mawe. Sasa unataka isiwe na pua?"

"Mwezi wa sita? Mwanamke anakuja kuzalia humu, wewe unaniitia upepo?"

Tuligombana mpaka majirani wakatoka. Akatoboa, ukubwa wa tofali moja, chini karibu na sakafu, upande wa bustani. Kisha akatupanga mbele yake, mimi na mkwe wangu, yeye na tumbo lake, akatulazimisha tuseme baada yake kama watoto wa shule ya Jumapili. Kizibo hakifungwi chote. Majivu yanatolewa kila asubuhi. Tundu haliguswi. Mkwe wangu, aliyesoma mpaka kidato cha nne, alisema kwa makini. Mimi nilisema nikicheka, nikamkonyeza Fadhili.

Wasichokijua wa mbali ni hiki. Kwetu mzazi aliyetoka kujifungua haguswi na upepo. Amefunguka mwili mzima, upepo ukimwingia tumboni hatoki salama, na kitoto ndiyo usiseme. Mama yangu alituziba kila ufa na mavi ya ng'ombe. Mimi nimezaa sita nimezibwa hivyohivyo, na nikawazibia wengine wengi, wakaniita kwa sababu najua. Hiyo ndiyo elimu yangu. Sina nyingine. Na meko yetu ya zamani, chini ya paa la nyasi, yalikuwa yanapumua yenyewe juu, hayakutudai kitu. Jiko la chuma chini ya bati na dari ni mnyama mwingine, na mimi nilimtunza kama namjua.

Mjukuu akaja, wa kike, mdogo, miguu kama ya kifaranga. Siku ya sita baridi ilishuka vibaya. Niliingiza mkono kwenye lile tundu nikasikia upepo unanilamba, na mjukuu wangu amelala hatua mbili kutoka pale. Mkwe angekataa, najua. Kwa hiyo nilimzunguka. Nilitoka nikaenda bustanini, nikachukua kitenge changu cha zamani, nikakisokota, nikakisukuma kwenye tundu kwa nje mpaka kikakaza. Nikarudi ndani. Mkwe alikuwa amesinzia. Nikajaza makaa ya mawe, nikazungusha kizibo cha bomba mpaka mwisho, ili joto lisipande bure. Nikaweka gunia chini ya mlango. Na nilijisikia vizuri, nisidanganye. Nilijisikia bibi.

Nikawa natoka na kuingia, maana nilikuwa napika uji jiko la nje. Kila nikiingia, chumba kizuri kama kwapa. Saa tano mkwe akasema, "Mama, kichwa kinanigonga."

"Ni maziwa yanapanda. Kunywa chai."

Nikampa chai. Akainywa nusu, akaitapika. Na mimi kichwa kiliniuma, nikasema ni moshi wa kuni za nje. Mtoto alikuwa hajalia tangu asubuhi. Nikawaza, mtoto mtulivu huyu, amemfuata babu yake.

Fundi alikuja mchana kulisikiliza jiko. Mtu huyu hakupita mlangoni pako bila kusema Kamwene na kusubiri ujibu, hata kama mmegombana. Siku ile hakusema kitu. Nilikuwa namimina uji nikamwona amesimama bustanini anautazama ukuta. Halafu akapiga magoti, akavuta. Kisha nikasikia mlango unapigwa teke.

Nilipofika ndani alikuwa amembeba mjukuu wangu kifuani, hana hata blanketi, anatoka naye kwenye ukungu. Mtoto wa siku sita. Nilikuwa na mwiko mkononi, wa uji. Nilimpiga nao kichwani, mgongoni, nikampiga tena, nikipiga kelele kwamba anamuua mtoto kwa upepo. Hakukinga. Alikuwa anampulizia mtoto usoni na kumsugua mgongo, anasema kwa ile sauti ya kusemesha mabomba, "Haya, mama, toa tu." Mtoto kichwa kilikuwa kinaanguka huku na huku. Midomo ilikuwa na rangi nzuri, nyekundu. Hiyo rangi ndiyo naiona mpaka leo nikifumba macho.

"Mwenzake," akaniambia. "Mama Fadhili, acha mwiko, mtoe mwenzake."

Ndipo nikaelewa. Nilimburuta mkwe wangu kwa makwapa mpaka kwenye nyasi zenye umande, mzazi wa siku sita, na nikashukuru upepo unampiga.

Mtoto akalia. Kilio chembamba kama cha paka. Sijawahi kusikia kwaya iliyoimba kama ile.

Hospitali waliwaweka siku nne, wakasema ni hewa ya makaa, ndiyo inayopaka midomo ule wekundu, wametolewa mapema, bahati yao. Fadhili alikuja na lori lake. Alikuta tundu wazi, kwa sababu nilipopata nafasi nilikiokota kitenge nyasini nikakifukia kwenye shimo la taka. Alikuta kizibo kimefunguliwa, kwa sababu nilikifungua. Akamkuta Fundi amekaa kwenye ngazi za hospitali, kichwa kimevimba kwa mwiko wangu.

"Jiko lako limetaka kuniulia familia," Fadhili akamwambia mbele za watu. "Umeziba dohani vibaya. Mzee unajifanya bingwa, unatukaririsha kama watoto, kumbe hujui kazi."

Fundi akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama moshi wa maganda, kuona unakwenda wapi.

Nikatazama chini.

"Ilikuwa kazi yangu," akasema.

Fadhili alilivunja lile jiko kwa nyundo, akauza chuma. Habari zikaenda sokoni, kanisani, kwenye vilabu vya ulanzi. Nani atamwita fundi aliyekaribia kuua mzazi na mtoto? Mwaka ukaisha hajaitwa popote. Wenzake wa besi wakawa hawamwachii nafasi kwenye benchi. Akahamia Makambako kwa binti yake. Na mimi hata niliposikia wanawake wakimsema, nilisonga ugali, nikasema, "Mambo ya Mungu." Nilikuwa naogopa. Nikisema, nani atanipa mtoto nimbebe? Nilimbeba yule mtoto mgongoni miaka mitatu. Kila usiku niliweka kiganja mbele ya pua yake.

Sasa yuko darasa la pili. Mwezi huu nikasikia Fundi kifua kimemwisha. Nikasema nakwenda. Mkwe wangu akasema hataniacha nipande basi la Kosta peke yangu na magoti haya, lakini kwa yule mzee haingii. Tukaenda watatu, maana shule zimefungwa.

Makambako kulikuwa na vumbi na upepo, malori yamepanga mstari mpaka relini. Mkwe akakaa nje ya nyumba ya binti wa Fundi, kwenye benchi, ameupa ukuta mgongo, mtoto miguuni pake. Mimi nikaingia. Fundi alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na dirisha, amekonda, makoti yote mawili.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene, Mama Fadhili. Umezeeka."

"Wewe je, umekuwa bwana harusi?"

Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, nikasubiri. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Njombe.

"Lile tundu," nikasema.

"Uliziba kwa nje. Ulisokota vizuri, nilivuta kwa mikono miwili."

"Nimekuja kukiri."

"Kwangu? Mimi nilikuwepo."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akajiinua kwa kiwiko apate pumzi.

"Mkweo alikuwa na damu mbichi ya uzazi. Angejua siku ile, asingekupa mtoto tena. Na mtoto anataka bibi. Mimi nilitaka kazi yangu pia, usinifanye malaika. Nilidhani utasema mwenyewe ukitulia. Nikangoja mavuno yale. Nikangoja na ya pili." Akageuza uso dirishani. "Asiyejua yuko nje pale. Mimi sina cha kukusaidia."

Nilitoka. Mkwe akaniambia, "Tuwahi, Mama, Kosta litajaa."

Nilisema nimesimama, maana ningekaa nisingesema. "Nililiziba mimi lile tundu. Kwa nje, usinione. Na kizibo nikakifunga ulipolala. Fundi hakukosea kitu."

Hakulia. Alinitazama, akauliza jambo moja tu.

"Nilipokuambia kichwa kinaniuma, ulikuwa umeshaziba?"

"Ndiyo."

"Ukanipa chai."

"Ndiyo."

Akainuka. Akajifunga khanga vizuri kiunoni, akanipita, akaingia ndani. Nikasikia magoti yake yanagusa sakafu, na sauti yake, mtu ambaye kwa miaka yote ile hakutaka hata kulitaja jina la mzee yule: "Shikamoo, Baba." Walikuwa wanazungumza chini chini, au walikuwa hawazungumzi.

Mtoto alibaki na mimi. Sikujua kama mama yake amemsahau kwa haraka, au ameniachia. Nilimshika mkono. Nikasimama kwenye ule upepo natazama mlango, nikingoja mkwe wangu atoke nione atanyoosha mkono kwa nani.

"Bibi," mjukuu wangu akasema, "unaniumiza."